Altezza inakula oili: ovaholi, injini ya Japan, au niuze tu?

KijanaWaTegeta
Wakuu habari za jioni. Nina Toyota Altezza ya 2001, niko nayo mwaka wa nne sasa. Tangu mwezi uliopita inakula oili vibaya na nyuma inatoa moshi wa bluu. Fundi wangu anasema ringi za pistoni zimekwisha, tushushe injini tufanye ovaholi, yaani tuifungue yote na kubadilisha vilivyokwisha. Jamaa wa Shaurimoyo ana injini imetoka Japan, anasema nifunge nisahau. Mke wangu anasema niuze ninunue IST tulale usingizi. Bajeti ipo ila si ya kuchezea. Mliopita njia hii, kipi bora? Nataka kuamua kabla ya Jumamosi, mwenye injini anasema kuna mteja wa Mwanza anaiulizia.

MzeeWaGia
Huyo mteja wa Mwanza yupo kila mwaka mkuu, hata mimi nilishaambiwa habari zake. Sasa tuanze na uliyoyaficha. AS200 au RS200? Otomatiki au gia ya mkono? Dashibodi inasoma kilomita ngapi? Oili unaongeza kiasi gani na kila baada ya muda gani? Moshi unatoka wakati gani? Na hiyo bajeti ni shilingi ngapi, maana "ipo" hailipi fundi.

TurboKinondoni
Msimchoshe kijana wa watu. Tupa hiyo injini ya 3S ya RS200, weka 1JZ yenye turbo. 2500cc, farasi 280 za kutoka kiwandani. Chumba cha injini kinatosha kabisa, wazungu wenyewe waliuziwa gari hilohilo kama Lexus IS300 likiwa na 2JZ, ndugu ya 1JZ, ndani. Utanishukuru.

BintiSpana
Turbo bwana, mtu anaulizia moshi unamletea farasi. Na hiyo gia boksi je? Difu? Waya? Breki utaacha zilezile?

Kijana, kabla hujashusha chochote, moshi wenyewe una lugha yake. Ukiwasha asubuhi unatoka wingu moja kisha unakata, au unateremka mlima umeachia mafuta halafu ukikanyaga tu unatoka, hapo shaka yangu ni sili za valvu. Ukitoka muda wote unapovuta, hasa gari likiwa na mzigo, hapo ringi. Cha tatu ambacho mafundi wengi hawagusi ni valvu ya PCV. Ikiziba, hewa ya ndani ya injini inakosa pa kutokea, oili inasukumwa juu na kuchomwa. Ichomoe uitikise, isipolia ndani imeganda. Bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda kuifuata.

Halafu pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kwa geji. Usikubali ile ya kuziba tundu kwa kidole. Injini iwe ya moto, betri imejaa, plagi zote nje, mafuta umekanyaga mpaka chini. Andika namba za silinda zote. Kisha mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi la silinda yenye namba ya chini, upime tena. Namba ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu. Kwa Toyota tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14 hivi. Hapo ndipo utajua kama unazungumzia ovaholi au unazungumzia kitu kingine kabisa.

NyukiWaKitonga
Mimi nitasema la injini ya Japan kwa sababu lilinikuta.

Nilikuwa na RS200 ya mkono. Ikagonga, nikaambiwa koni rodi. Nikatafuta injini nikaipata kwa muuzaji mmoja, jina naliacha. Injini inang'aa, imepuliziwa rangi ya fedha, ananiambia kilomita elfu sitini, imetolewa kwenye gari la mzee wa Nagoya aliyekuwa anaendea sokoni tu. Eti ana karatasi. Karatasi yenyewe ya Kijapani, nani ataisoma? Nikalipa. Waranti wiki mbili "za kusikiliza".

Kufunga kwenyewe kukawa kesi. Waya wa injini ulikatwa kwa msumeno, soketi mbili za sensa hazipo, kompyuta haikuja na injini. Fundi akahamisha waya wangu wa zamani, siku nne zikapita waranti ikihesabika. Tukawasha, ikaunguruma vizuri, nikafurahi, nikampigia hadi shemeji. Wiki ya tatu natoka Iringa narudi Dar, nimeshamaliza mteremko wa Kitonga, nasikia "tok tok tok" nikipunguza gia. Nikasema labda chini kuna kitu kimelegea. Kufika Mikumi taa ya oili inawaka.

Tulipofungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ndipo tulipoona. Silikoni ya bluu imebanwa pembeni mwa sampu kama dawa ya meno, kiwandani hawapaki vile. Boliti za koni rodi zina makovu ya spana. Beringi moja ni mpya ya kampuni isiyojulikana, tatu ni za zamani. Hiyo injini haikutoka Nagoya, ilikuwa imefunguliwa hapahapa nchini, ikaungwaungwa, ikapigwa rangi. Kumrudia muuzaji, ananiuliza waranti inasemaje, kisha ananionyesha nyingine "nzuri zaidi" kwa nyongeza ya pesa.

Kwa hiyo ukienda kuangalia: kagua makutano ya sampu na bloku kama kuna silikoni ya rangi, kagua vichwa vya boliti, fungua kifuniko cha oili utazame ndani kama kuna tope jeusi, zungusha krenki kwa spana mkononi uhisi kama inakwama mahali. Na rangi mpya usiipende.

MzeeWaGia
Pole sana Nyuki. Ndiyo maana mimi ni mtu wa ovaholi. Injini uliyoifungua wewe unaijua kilichomo.

NyukiWaKitonga
Kama fundi wako anapima. Wengi wanabadilisha ringi tu kwenye silinda iliyolika, bila kuchonga, bila kupima kwa mikromita, wakikurudishia baada ya miezi mitatu moshi uleule. Fundi maiko hana shida na injini, shida yake ni subira.

Makanika_Ngara
Sasa wadau wa TZ. Huku Nairobi hatuna hiyo raha ya kuchagua. Sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8 inatufungia, na Altezza za mwisho zilitengenezwa 2005, hesabu mwenyewe. Zilizobaki ndizo hizohizo tunazizungusha mkono kwa mkono. Mimi ningesema usiuze, ukiuza hutapata nyingine safi. Spea za hiyo gari pale Grogan, kwenye maduka ya spea, bado ziko, lakini angalia namba ya injini. Ukiweka nyingine, NTSA, mamlaka yetu ya usafiri, lazima wajue na logibuku ibadilishwe, la sivyo siku ya kuuza utazunguka sana.

BintiSpana
Huku vilevile. Namba ya injini iko kwenye kadi ya TRA. Muuzaji akupe risiti na nyaraka za forodha, usibebe injini yatima.

KijanaWaTegeta
Asanteni wakuu. Ni RS200 otomatiki, imeandikwa nyuma. Kilomita 187,000. Oili naongeza kama lita moja kila wiki mbili. Moshi sijaangalia vizuri unatoka saa ngapi, huwa naona wanaonifuata wananipigia honi. Bajeti milioni tatu na nusu.

BintiSpana
Hiyo beji ya RS200 inauzwa Kariakoo kwa bei ya chipsi kuku. Fungua boneti usome bati la chasisi. SXE10 ni RS yenye silinda nne. GXE10 ni AS yenye silinda sita. Au hesabu plagi.

KijanaWaTegeta
GXE10. Plagi sita.

TurboKinondoni
😂😂😂 Miaka minne kijana anaendesha AS anatusalimia kama RS.

MzeeWaGia
Mwacheni, aliyemuuzia ndiye wa kuulizwa. Sasa hesabu zote zimebadilika. Iliyo ndani ni 1G-FE, farasi 160. RS ya mkono ndiyo yenye 210. Mnaona tulivyokuwa tunabishana juu ya injini isiyokuwepo?

NyukiWaKitonga
Hapo hata mimi nageuza maneno. 3S ya RS, ile ya BEAMS, ni adimu na ndiyo maana wanaziungaunga. 1G ziko nyingi, hiyohiyo imo kwenye Mark II GX110 na Verossa. Soko likiwa na mali nyingi unaweza kukataa mbovu ukaenda duka la pili. Hakikisha tu ni ya VVT-i (mfumo unaobadili muda wa valvu kufunguka) kama yako, na vya nje vyako, sampu, manifoldi, waya, uvihamishe kutoka ya zamani. Na ovaholi ya sita ni pistoni sita na valvu 24, bili yake si ya silinda nne.

MzeeWaGia
Bado nasema apime kwanza. Halafu kijana unatumia oili gani? Mimi kwa gari lenye umri huo ni 20W-50 tu. Nzito, inaziba, moshi unapungua.

BintiSpana
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo tunagombana. VVT-i inasukumwa na oili hiyohiyo kupitia vijitundu vidogo. Kitabu cha gari kinasema 5W-30. Ukimwaga uji mzito asubuhi, injini inazunguka kavu kule juu mpaka uji ufike.

MzeeWaGia
Marahaba binti. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya Hokkaido. Dar asubuhi tunaamka na nyuzi 25.

BintiSpana
Ya kuwashia nakupa nusu, hatuna barafu. Lakini ikishapata moto, injini ya Hokkaido na ya Temeke zote zinafanya kazi karibu na nyuzi 90. Hiyo ndiyo kazi ya themostati.

MzeeWaGia
Themostati nilishaitoa zamani. Gari halijawahi kuchemsha.

BintiSpana
Yaani! Ndiyo, halichemshi, kwa sababu halipati hata moto. Barabara kuu rejeta inaipooza muda wote, kompyuta inadhani ndiyo kwanza umeamka, inaongeza petroli. Petroli ya ziada inaosha oili ukutani mwa silinda, ringi zinasugua chuma kwa chuma. Kisha tunakuja hapa kuuliza kwa nini gari linakula oili na mafuta. Kijana, yako ipo?

KijanaWaTegeta
Nimempigia fundi. Anasema aliitoa mwaka juzi, eti huku Afrika haihitajiki. Na kwenye rejeta anaweka maji ya bomba.

Makanika_Ngara
Hao mafundi ni wa taifa moja, huku kwetu pia wapo.

MjukuuWaWete
Mie nawasoma tu, gari langu ni hilohilo lakini adui wangu si moshi, ni kutu. Unguja hewa ya bahari inakula chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu kimyakimya. Injini inaunguruma vyema, sakafu unaweza kuona barabara. Kuna mtu anajua bati la kuchomelea lililo zuri?

Dereva_Leicester
Mjukuu, huku Uingereza ni vilevile ila sisi ni chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi. IS200 yangu, ndiyo Altezza ya huku, imeanguka ukaguzi wa MOT kwa kutu, injini haina hata tone la kuvuja. Nimechomelea karibu na sehemu za suspensheni, wakaipitisha. Baada ya kuchomelea paka nta ndani ya mashimo, usipake rangi juu tu, maana inaoza kutokea ndani.

KijanaWaTegeta
Leo nimepata mtu mwenye geji. Silinda ya 1 mpaka 6: 165, 160, 170, 165, 110, 160. Tukaweka kijiko cha oili kwenye ya tano ikapanda 150. PCV ilikuwa imeganda kabisa, nimebadilisha. Themostati mpya nimenunua.

BintiSpana
Ya tano ringi zimekwenda, hapo hakuna ubishi. Ila lita moja kila wiki mbili sidhani kama yote inaliwa na silinda moja, PCV nayo ilikuwa na mkono wake. Weka themostati, na kulanti badala ya maji ya bomba, endesha wiki mbili, pima oili kila asubuhi kwa kijiti ukiwa umeegesha mahali tambarare. Halafu ndiyo uongee na watu wa Shaurimoyo.

MzeeWaGia
Mimi ningeshusha sasa hivi. 110 haitapanda yenyewe kwa maombi.

NyukiWaKitonga
Na milioni tatu na nusu kwa ovaholi ya kweli ya sita, kuchonga, pistoni za ovasaizi, beringi, gasketi seti nzima, kazi ya fundi? Sidhani. Injini ya GX110 iliyokaguliwa vizuri inaingia humo na chenji inabaki.

MzeeWaGia
Iliyokaguliwa na nani? Wewe uliyekaguliwa na mzee wa Nagoya?

NyukiWaKitonga
😂 Hapo umenipiga.

TurboKinondoni
Narudia, 1JZ.

KijanaWaTegeta
Turbo, mke wangu anasoma huu uzi.

TurboKinondoni
Basi tuongee biashara ndogo. Hiyo beji ya RS200 ya nyuma unaiuza?

KijanaWaTegeta
Elfu kumi na tano. Njoo na bisibisi yako.