Usiku wa uzinduzi wametufungia mlango wa nyuma kwa mnyororo, na fataki zinawashwa jukwaani!

Wakuu, nina hasira na sitaki kuificha.

Ijumaa tumefungua mchezo wa muziki hapa Dar. Ukumbi ulijaa, watu walisimama kupiga makofi, na mpaka leo mitandaoni ni sifa tupu. Waimbaji wanastahili kila kofi walilopigiwa. Ila kuna jambo lilifanyika upande wa pili wa pazia ambalo wenye mchezo wanataka lipite kimyakimya, na mimi nasema halipiti.

Mlango wa dharura unaotoka jukwaani kwenda uani ulifungwa kwa mnyororo na kufuli. Eti kuzuia wasio na tiketi wasipenye kwa nyuma. Ufunguo alikuwa nao mtu mmoja tu, na huyo mtu alikuwa getini mbele anapokea wageni wa VIP. Huku ndani kuna wacheza shoo, waimbaji, watu wa mavazi, mafundi wa taa na sauti, mapazia ya kitambaa, taa zinazochemka, nyaya zimetandaa sakafuni, na wimbo wa mwisho una fataki. Fataki jamani! Msimamizi wetu wa jukwaa, dada anayeijua kazi yake, alilalamika kabla watazamaji hawajaanza kuingia. Akajibiwa, "Dada acha presha, ni masaa mawili tu."

Na si hilo tu. Ukumbi ulikodishwa kwa harusi mpaka Alhamisi usiku, kwa hiyo jukwaa tumelijenga Ijumaa yenyewe tangu alfajiri. Hatukupata hata zoezi moja kamili likiwa na taa, mavazi na maiki kwa pamoja. Wenzetu wa Broadway, kule kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, hucheza mbele ya watazamaji wiki kadhaa kabla ya usiku rasmi wa uzinduzi, ili makosa yote yajulikane mapema. Siombi wiki. Naomba siku moja.

Kwa wasioijua kazi hii: kwenye mchezo wa muziki, nyuma hakuna pa kupumua. Mwimbaji anatoka jukwaani, ana muda wa ubeti mmoja kubadilisha gauni. Maiki imebandikwa shavuni kwa plasta na jasho linaibandua. Kiboksi chake cha betri kimefungwa kiunoni, chini ya nguo hiyohiyo anayoivua. Mmoja anashusha zipu, mwingine kashika viatu, wa tatu anahamisha kiboksi bila kuuvuta waya, na yote hayo ni gizani, kwa sababu mwanga mweupe ukivuja kidogo tu watazamaji wanauona. Ndiyo maana kumbi zinazojali watu huweka taa hafifu za bluu pembeni, na kila ukingo wa ngazi hubandikwa utepe unaong'aa gizani. Tuliomba vyote viwili kwa maandishi. Havikununuliwa. Tumefanya kazi kwa tochi za simu tumeziziba kwa viganja.

Sehemu ya kwanza haijaisha, binti mmoja mcheza shoo kakosa ngazi, kaanguka, kifundo cha mguu kikavimba palepale. Tukataka kumtoa uani apate hewa na usafiri. Mnyororo! Tukamwita mwenye ufunguo kwenye redio, hajibu. Binti akalala juu ya rundo la mapazia anauma kanga asipige kelele, huku wenzake wanaimba hatua chache kutoka pale alipo. Wakati wa mapumziko ndipo tukambeba kupitia mbele, katikati ya watu wanaonunua soda. Bajaji na hospitali alilipa mama wa mavazi kwa hela yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya mtu aliyeumia kazini, lakini binti ataanzia wapi wakati hakuna hata mmoja wetu aliyepewa mkataba?

Sasa hebu fikirini kama ungekuwa moto. Chicago, tarehe 30 Desemba 1903, jumba la maonyesho la Iroquois lilikuwa na umri wa wiki chache tu na lilitangazwa kuwa haliungui. Katikati ya mchezo wa nyimbo na ngoma, cheche ya taa ya jukwaani ilishika pazia. Pazia la kuzuia moto likakwama njiani. Milango mingi ilikuwa imefungwa, na kwenye ngazi kulikuwa na mageti yaliyofungwa ili wa tiketi za bei ndogo wasishuke kwenye viti vya bei kubwa. Wakafa watu 602. Waliokuwa nyuma ya jukwaa wengi wao walitoka hai, kwa sababu walipata milango ya kutokea. Sisi Ijumaa hata huo mlango hatukuwa nao.

Na sheria tunazo. Ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, ya Zimamoto na Uokoaji ni ya mwaka 2007. Ukimuuliza mwenye ukumbi, anasema mnyororo ni wa prodyuza. Ukimuuliza prodyuza, anasema ni utaratibu wa ukumbi. Mguu wa binti hauna mwenyewe.

Ijumaa hii tunarudi kwa onyesho la pili. Mafundi wa taa, wa sauti na watu wa mavazi tumekubaliana: tukikuta mnyororo mlangoni, hatuwashi hata taa moja, na tunapiga 114, namba ya Zimamoto, hapohapo tukiwa uani. Gharama za matibabu zirudishwe kwa mama wa mavazi kabla ya siku hiyo. Kama humu kuna mdau wa Zimamoto au OSHA (wale wa usalama na afya mahali pa kazi), aje PM anielekeze barua ya malalamiko niipeleke dawati gani. Picha za kufuli ninazo.