Naomba ushauri: Baba atapasuliwa ngiri na kurudi nyumbani siku hiyohiyo, tujiandae vipi?

Mtoto wa Pili:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 68, amepangiwa kupasuliwa ngiri ya kinena wiki ijayo. Tumeelezwa kwamba ataingia chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi na kuruhusiwa kurudi nyumbani jioni yake. Ana presha na kisukari, anatumia vidonge vya maradhi yote mawili, na kila asubuhi humeza aspirini. Karatasi tuliyopewa inasema tu kwamba asile chochote kuanzia saa sita usiku. Haisemi lolote kuhusu dawa zake, wala maji, wala namna ya kumhudumia usiku wa kwanza, na mimi ndiye nitakayelala naye. Kinachonitia hofu zaidi ni kisukari: mtu anayemeza dawa za kushusha sukari atakaaje na njaa saa zote hizo bila kuanguka?

Muuguzi Mstaafu:

Pole, mwanangu. Hofu yako ni ya haki, na hapo kwenye kisukari ndipo pa kuanzia. Usingoje siku yenyewe ifike; mtafute daktari wa usingizi, yaani atakayemlaza mzee kwa dawa wakati wa upasuaji, mapema ukiwa na dawa zote za mzee zikiwa ndani ya maboksi yake, umsomee moja baada ya nyingine, kwa sababu kusema tu kwamba "anatumia dawa za kisukari" hakumsaidii kuamua lolote. Zipo dawa kama dapagliflozin na empagliflozin ambazo hushauriwa kusimamishwa angalau siku 3 kabla ya upasuaji, kwa kuwa mgonjwa akifunga huku anazitumia, damu yake inaweza kujaa tindikali hata kama kipimo cha sukari hakionyeshi kiwango cha kutisha. Zipo nyingine zinazoachwa asubuhi ya upasuaji tu, na kwa wanaotumia insulini, mara nyingi kipimo hupunguzwa badala ya kuachwa kabisa.

Dawa za presha nazo hazifanani. Zile za jamii ya atenolol kwa kawaida mgonjwa huendelea nazo na kuzimeza asubuhi hiyo kwa funda la maji, maana kuziacha ghafla ni hatari kwa moyo. Zile za jamii ya enalapril na losartan madaktari wengi huzisimamisha siku hiyo ili presha isishuke mno mgonjwa akiwa usingizini. Aspirini msiisimamishe kwa uamuzi wa nyumbani. Ikiwa mzee aliwahi kupata kiharusi au kuwekewa kifaa cha kupanua mshipa wa moyo, kuiacha kunaweza kumdhuru kuliko damu kidogo itakayomtoka. Tajeni pia mitishamba na vidonge vya kitunguu saumu, kwa sababu vingine huongeza kutokwa na damu na wazee wengi hawavihesabu kuwa ni dawa.

Saa mbili asubuhi ni nafasi nzuri kwa mgonjwa wa kisukari. Ikisogezwa hadi mchana, semeni mara moja. Mpimeni sukari anapoamka, na ikishuka chini ya 4 mmol/L, au akianza kutetemeka na kutoka jasho, mpeni maji ya sukari yasiyo na maziwa, kisha mwelezeni daktari alichokunywa na saa aliyokunywa. Upasuaji ukiahirishwa kwa sababu hiyo, na uahirishwe.

Jirani Mwema:

Mimi ningeshauri asiguse hata maji tangu jioni. Mama yetu tulimfungisha hivyo na alitoka salama.

Tabibu wa Usingizi:

Ndugu Jirani Mwema, nakuelewa, lakini kwa mzee mwenye kisukari kumnyima maji usiku kucha kunamdhoofisha bila faida. Tunachokiogopa ni chakula kupanda kutoka tumboni na kuingia kwenye mapafu wakati mgonjwa hawezi kukohoa, na maji matupu hayakai tumboni kama chakula kinavyokaa. Utaratibu unaokubalika kwa watu wazima wengi ni kwamba chakula chepesi kikome saa 6 kabla ya nusukaputi na maji matupu yakome saa 2 kabla. Kwa anayeingia saa mbili asubuhi, maji yangekoma saa kumi na mbili alfajiri. Maziwa, na chochote kilichotiwa maziwa, huhesabiwa kuwa chakula. Hata hivyo, kisukari cha muda mrefu huweza kuchelewesha tumbo kujisafisha, kwa hiyo mpigie simu daktari wake athibitishe saa kabla hujampa.

Jambo lingine ambalo familia nyingi hufanya kwa nia njema: msimnyoe kinena kwa wembe. Wembe huacha mikwaruzo midogo inayokaribisha vijidudu. Ikihitajika, atapunguzwa nywele kwa mashine hospitalini.

Mtoto wa Pili:

Nawashukuru sana. Nitampigia daktari kesho. Je, akirudi nyumbani, nitajuaje kwamba maumivu yake ni ya kawaida? Baba ni mtu asiyesema anapoumwa.

Mlezi wa Wazee:

Usimuulize kama anaumwa, kwa sababu atakujibu kwamba hajambo. Mwambie avute pumzi ndefu na akohoe. Akishindwa, au akikataa kuinuka kwenda chooni, maumivu yamemzidi. Paracetamol mpeni kwa saa alizopangiwa bila kungoja alalamike, ila isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mzee mwenye uzito mdogo au ugonjwa wa ini hupangiwa pungufu ya hapo. Angalieni pia dawa za mafua, maana nyingi zina paracetamol ndani yake. Ibuprofen msimpe kabla ya kumuuliza daktari, kwa ajili ya presha na figo.

Kuinuka kuna namna yake: ajigeuze ubavu, ashushe miguu kitandani, kisha ajisukume kwa mkono, huku mkono wa pili ukishikilia mto mdogo juu ya mshono. Mto huohuo aukumbatie anapokohoa. Mkiona korodani zimevimba kiasi na ngozi imekuwa ya zambarau siku chache za mwanzo, hilo hutokea sana baada ya upasuaji huu na hupungua lenyewe.

Muuguzi Mstaafu:

Nakazia jambo moja ambalo hupitiwa, nalo ni mkojo. Kwa mwanamume wa umri huo, hasa mwenye tezi dume iliyotanuka, ganzi ya mgongoni au nusukaputi inaweza kukifunga kibofu. Ombeni akojoe kabla hamjaondoka hospitalini. Zikipita saa 6 hadi 8 bila mkojo, au tumbo la chini likimkaza na kumuuma, mrudisheni usiku huohuo. Mrudisheni pia akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, mshono ukitoa usaha, damu ikiendelea kulowesha bandeji hata baada ya kuikandamiza kwa dakika 10, au mguu mmoja ukivimba na kuuma. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi hayangoji hata simu; mpelekeni moja kwa moja. Kwa saa 24 za mwanzo asiendeshe gari, asitie saini hati yoyote, wala asiachwe peke yake. Namba ya simu ya zamu ya usiku iombeni kabla hamjatoka wodini, na mwiandike kwenye karatasi ya dawa zake.