Dubai: Tuliahidiwa barabara hadi kambini, mama akapandishwa vilima vya mchanga, na sasa tunaonyeshwa sahihi yake

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu.

Nafungua uzi huu nikiwa bado na hasira, ingawa nimesubiri siku kumi na moja ili nisije nikaandika neno nitakalolijutia. Jambo lenyewe linahusu ile safari ya jioni ya jangwani, ya kurushwarushwa kwa gari juu ya vilima vya mchanga kisha kula na kutazama maonyesho kambini, ambayo karibu kila mtu wa kwetu anayefika Dubai, awe amefuata mzigo wa Kariakoo au amekwenda kutembea tu, huuziwa kabla hajamaliza kufungua sanduku lake hotelini. Kampuni sitaitaja, wala dalali sitamtaja, kwa kuwa malalamiko yangu rasmi bado hayajaamuliwa.

Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, binti yetu mwenye miaka 12, na mama yangu mzazi mwenye miaka 66, ambaye kwa muda mrefu anasumbuliwa na pingili za mgongo kiasi kwamba hata daladala za barabara za vumbi alishaziacha. Mimi nilikuwa na shughuli zangu za mzigo Deira, mtaa wa biashara wa Dubai; mama alikuja kwa sababu tulimbembeleza, na jioni ya jangwani ilikuwa zawadi yake, maana tangu tukiwa wadogo amekuwa akisema kwamba angependa siku moja aone mchanga usio na mwisho.

Dalali aliyetuuzia ni kijana wa kwetu, mwenye meza ya tiketi karibu na hoteli tuliyofikia. Alimwamkia mama kwa shikamoo, akamuuliza habari za nyumbani, akampa kiti. Nilimweleza habari ya mgongo mara mbili, tena mbele ya mama mwenyewe, naye akajibu bila kusita kwamba mama hatapanda vilima hata kidogo: gari lingine litampitisha barabarani moja kwa moja hadi kambini, na sisi tutakapomaliza kurushwarushwa tutamkuta ameketi kwenye zulia anakunywa kahawa. Nilimwomba aliandike hilo. Akachukua kalamu akaandika kwenye stakabadhi, kwa Kiswahili, maneno matano: "Mama moja kwa moja kambini." Nawaomba myakumbuke maneno hayo matano, kwa sababu nitayarudia.

Bei ilikuwa dirhamu 150 kwa kila mtu, yaani 600 kwa wote, sawa na dola 163 hivi kwa kuwa dirhamu imefungwa na dola kwa kiwango kisichobadilika. Tuliambiwa kwamba ndani ya bei hiyo kila kitu kimo: usafiri wa kwenda na kurudi, vilima, ubao wa kutelezea mchangani, ngamia, hina, chakula cha jioni na maonyesho matatu ya jukwaani. Kipeperushi alichotupa kilikuwa na picha ya choroa weupe, wale wanyama wa jamii ya swala wenye pembe ndefu, wamesimama juu ya mchanga wakati wa machweo, na binti yangu ndiye aliyekichagua kwa ajili ya picha hiyo. Baadaye nilikuja kujua kwamba choroa hao huonekana ndani ya Hifadhi ya Jangwa ya Dubai, eneo la kilomita za mraba 225 lililozungushiwa uzio, ambako ni kampuni chache tu zinazoruhusiwa kuingiza wageni. Sisi tulipelekwa upande wa Lahbab, kwenye vilima vyekundu, ambako hatukuona mnyama yeyote zaidi ya ngamia wa biashara waliofungwa kamba puani. Lahbab ni pahali pazuri, sikatai, na wekundu wa mchanga ule unapopigwa na jua la jioni ni jambo la kushangaza. Lakini picha ya choroa ilitumika kuniuzia kitu ambacho muuzaji alijua hatakitoa.

Gari lilitakiwa kufika saa tisa alasiri. Lilifika saa kumi na robo. Hili lingeweza kusamehewa kama si hesabu ndogo ambayo mtu yeyote wa Dubai anaijua: mwezi wa Desemba jua la huko huzama karibu saa kumi na moja na nusu, na kutoka Deira hadi Lahbab ni mwendo wa karibu saa nzima. Kwa hiyo machweo tuliyolipia tuliyaona kupitia dirishani, tukiwa barabarani nyuma ya lori la kokoto.

Gari lilikuwa moja tu. Ndani yake walikuwamo wageni wengine wawili, na viti vilivyobaki vilikuwa safu ya kati na kimoja cha mwisho kabisa, juu ya magurudumu ya nyuma. Nilimwonyesha dereva stakabadhi na kumuuliza liko wapi gari la mama. Akaitazama, akaigeuza, akasema kwa Kiingereza kwamba hawezi kusoma maandishi hayo, kwamba yeye hamjui aliyeyaandika, na kwamba tumpigie dalali. Tukampigia. Dalali akapokea, akasema tusiwe na wasiwasi, gari la mama litatukuta mbele, pale magari yanaposimama kupunguza upepo wa matairi. Kosa langu, nalikiri mbele yenu, ni kwamba nilimwamini tena.

Tukiwa njiani dereva alitupitishia simu yake ili kila mmoja aweke sahihi kwa kidole. Alisema ni orodha ya wasafiri. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, maandishi madogo, na dereva alikuwa ameshaiteremsha hadi chini kabisa ambako kulikuwa na kisanduku kitupu cha kusaini. Mama, ambaye Kiingereza hakisomi, aliandika jina lake kwa utulivu ule ule anaotumia kusaini daftari la kikundi chake cha kuweka akiba. Hakuna aliyetafsiriwa chochote, na hakuna aliyeulizwa kwa mdomo kama ana maradhi ya moyo, mimba au matatizo ya mgongo.

Kituo cha kupunguza upepo ni soko. Ni kweli kwamba matairi lazima yalegezwe ili yatanuke na gari lisizame mchangani, na kazi hiyo huchukua dakika chache tu. Sisi tulikaa pale dakika 25, kwa sababu wakati huo ndipo wageni wanapouziwa pikipiki za magurudumu manne. Mtu mmoja alimfunga mke wangu kilemba kichwani huku akimsifu jinsi kilivyompendeza, kisha akadai dirhamu 60 na kukataa kukifungua mpaka tubishane. Gari la mama halikuwapo. Nikampigia dalali, simu ikaita mpaka ikakatika.

Nilimwambia dereva kwamba mama abaki pale kituoni na mimi nitabaki naye, kisha atupitie. Akakataa, akasema kwamba kutoka vilimani gari huteremkia kambini bila kurudi kituoni, na kwamba atakwenda polepole kwa heshima ya mama. Giza lilikuwa linaingia, hatuna teksi, hatuna mwenyeji. Mke wangu akahamia kiti cha mwisho ili mama akae katikati, tukamfunga mkanda, nikamshika bega.

Hakwenda polepole. Sijui kama ni mashindano baina ya madereva au ni kuwafurahisha wale wageni wawili waliokuwa wakipiga mayowe ya furaha, lakini kwa muda wa dakika kama 20 gari lile lilipanda ukingo wa kilima, likainama ubavu, likaporomoka, likagonga chini, na kila lilipogonga nilimsikia mama akitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilipiga kelele dereva asimame. Alisimama mara moja tu, mama alipoanza kutapika, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nyuma ya kila kiti kulikuwa na mifuko ya plastiki iliyopangwa vizuri kwa ajili hiyo. Walikuwa wameandaa mifuko ya matapishi kwa kila abiria, lakini njia ya kumfikisha mtu mgonjwa kambini hawakuwa nayo.

Kuhusu kambi nitasema kwa ufupi, maana baada ya hapo sikuwa na moyo wa kutazama chochote. Ngamia alimbeba binti yangu hatua kama 60 kwenda na kurudi. Hina ya bure ilikuwa ua moja dogo la ukubwa wa sarafu, na ukitaka zaidi unalipa. Kupiga picha na kipanga, unalipa. Mito ya kuegemea na meza iliyo karibu na jukwaa, unalipa, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ya wageni maalumu. Nililipa dirhamu 100 ili mama apate mahali pa kulala chali, kwa maana vikalio vya kawaida havikuwa na cha kuegemea. Chakula kilikuwa kwenye foleni ndefu iliyopinda mara tatu, na tulipofika mbele mishikaki ilikuwa imekwisha, kukabaki wali, dengu na kuku mkavu. Kaimati zilikuwa nzuri. Nasema haki: wao huziita luqaimat, ni zile zile za kwetu za mwezi wa Ramadhani, zilikuwa za moto na zimemwagiwa shira ya tende, na ndizo pekee mama alizoweza kula usiku ule.

Maonyesho yalianza saa mbili kasoro. Mcheza tanoura, yule anayezunguka bila kusimama huku sketi zake nzito zikiwaka taa, alikuwa fundi wa kweli na alistahili makofi yote aliyopata. Akafuata mnenguaji wa kike, na mama akaomba ageuziwe mto aangalie upande wa pili. Kipeperushi kiliahidi jioni ya utamaduni wa Mabedui. Tanoura asili yake ni Misri, kwa watu wa tarika, na unenguaji ule nao si wa pale. Ngoma ya wenyewe ni ayyala, ile ya safu mbili za wanaume wanaokabiliana wakiwa na fimbo nyembamba mfano wa mikuki huku matari yakipigwa, ambayo tangu mwaka 2014 imo katika orodha ya UNESCO kwa jina la Falme za Kiarabu na Omani kwa pamoja. Watu wa pwani yetu tuliokulia kwenye ngoma za fimbo tungeifurahia kuliko mtu mwingine yeyote. Hatukuiona hata dakika moja. Onyesho la tatu, la moto, tulilisikia tukiwa tunapanda gari, kwa kuwa dereva alikuwa ameshapiga honi mara tatu akisema muda umekwisha. Tulichelewa kwa sababu yake, tukaondoka mapema kwa sababu yake pia.

Asubuhi mama hakuweza kuinuka kitandani. Kliniki iliyo karibu na hoteli ilimpiga picha, ikasema mifupa haikuvunjika ila misuli ya kiuno imejeruhiwa, ikampa sindano, dawa na mkanda wa kufunga kiunoni. Gharama yake ilikuwa dirhamu 870. Siku tatu zilizobaki za safari yake ya kwanza nje ya nchi alizimaliza akiwa amelala, akitutuma tukamnunulie zawadi za wajukuu kwa kutueleza rangi, na uwanja wa ndege alipita kwenye kiti cha magurudumu.

Sasa sikilizeni majibu niliyopewa, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niandike. Dalali anasema yeye ni muuzaji wa tiketi tu, na kwamba aliyeshindwa kuleta gari la pili ni kampuni. Kampuni inasema haikuwahi kupata ombi la gari la pili, na kwamba dalali hana mamlaka ya kuahidi chochote kwa niaba yake. Nilipouliza habari ya kambi nikaambiwa kambi ni ya mwenye kambi, wao hupangisha nafasi tu, na dereva naye si mwajiriwa wao bali ni mwenye gari anayelipwa kwa safari. Nimelipa dirhamu 600 kwa watu wanne tofauti, na hakuna hata mmoja anayekubali kwamba fedha yangu ilimfikia na wajibu wake.

Kisha wakanitumia fomu. Ukurasa wa pili, kifungu cha tano, abiria anathibitisha kwamba hana tatizo lolote la mgongo na kwamba hatadai fidia yoyote. Chini yake ni sahihi ya mama yangu, iliyopinda kidogo kwa sababu gari lilikuwa linakimbia. Maneno matano ya Kiswahili yaliyoandikwa na wakala wao mwenyewe kwa kalamu yake mwenyewe wanasema hayana uzito kwa kuwa hayako katika lugha wanayoielewa. Lakini kurasa mbili za Kiingereza ambazo mama hakuzielewa wala hakuonyeshwa zina uzito wote. Lugha ya mteja inatosha kupokelea fedha zake, ila haitoshi kumlinda?

Nimekwisha kuwasilisha malalamiko katika idara ya serikali ya Dubai inayosimamia uchumi na utalii, ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa kampuni hizi, nikiambatanisha stakabadhi, vyeti vya kliniki na jumbe zote za simu. Ninachodai ni dirhamu 150 za mama, dirhamu 100 za ule mto, na dirhamu 870 za kliniki. Fidia ya maumivu sijadai, kwa sababu mama amenikataza.

Dalali ameona jumbe zangu zote za wiki hii na hajajibu hata moja, na jana nilipompigia kwa namba nyingine alipokea kwa bashasha, akaniuliza tupo wangapi. Kama kuna mwenzetu aliyenunua tiketi Deira kwa ahadi iliyoandikwa kwa Kiswahili, na stakabadhi yake anayo, naomba aiweke hapa, afiche majina tu.