Maji ya banda la nguruwe yanafurika hadi korongoni (Buswelu, Mwanza), nifanyeje?

MamaKitimoto:
Wakuu habari za humu. Nafuga nguruwe huku Buswelu, wapo 40, banda lina sakafu ya zege. Naosha kwa mpira asubuhi na jioni, maji yanapita mferejini hadi kwenye shimo nililochimba nyuma. Tangu mvua zianze shimo linafurika. Yakifurika yanashika korongo, na makorongo ya huku kwetu mnayajua yanakoishia: ziwani.

Juzi mtendaji wa mtaa kaja na bwana afya, wamenipa siku 30 nirekebishe au nifunge. Jirani wa chini analalamika harufu na nzi, na siwezi kusema anaongopa. Fundi mmoja ananiambia nichimbe shimo la pili. Mwingine anasema niongeze maji mengi, uchafu upite haraka usikae ukanuka.

Halafu kinachoniuma: kuna viwanda vikubwa mwambaoni, mbona mwenye nguruwe 40 ndiye anayefuatwa?

Ngosha_wa_Igoma:
Chimba la pili dada, tupia mawe, maisha yaendelee. Kilo ya kitimoto shingapi huko?

Chemba_ya_Mwisho:
Dada, la pili litajaa kama la kwanza. Na huyo wa kuongeza maji usimsikilize kabisa.

Nimekaa miaka mingi upande wa majitaka kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, sikitaji. Kazi yangu ilikuwa kule nyuma ambako wageni hawapelekwi: chujio la magamba na vipande vya nyama, chemba ya kunasa mafuta, kisha mabwawa. Bwawa la kwanza lina kina kirefu na halina hewa, linalofuata ni la kama mita moja na nusu, la mwisho ni fupi ili jua lifike chini liue vimelea. Likifanya kazi vizuri hata ndege korongo hutua pale.

Viwanda navyo vinabanwa, kwa karatasi angalau. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inamtaka anayetiririsha majitaka awe na kibali, na kwetu kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ofisi zake zipo hapa hapa mjini. Kiwango cha taifa kinasema BOD isizidi miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu kwa kemikali) 60, chembe zinazoelea 100. BOD ni oksijeni ambayo bakteria wataimaliza wakiozesha uchafu wako, inapimwa kwa siku 5 kwenye nyuzi 20. Samaki anahema oksijeni hiyohiyo.

Sasa sikia mchezo. Kipimo kinahesabu miligramu kwa lita, na mimi nimeshuhudia bomba la maji safi likifunguliwa juu ya chemba ya kutokea siku ya kuchukua sampuli. Lita 10,000 zenye BOD ya miligramu 300 ni mzigo wa kilo 3. Zichanganye na maji ziwe lita 100,000, zinasoma 30, mkaguzi anaandika safi. Kilo 3 zote zimeingia ziwani. Ningekuwa naandika masharti ya kibali, ningedai kilo kwa siku pamoja na miligramu, na sampuli ichukuliwe saa nane usiku wakati zamu inaosha mashine, siyo saa nne asubuhi baada ya chai.

Ushauri uliopewa ni mchezo huohuo. Piga hesabu: nguruwe mkubwa anatoa kinyesi na mkojo kama lita 4 hadi 7 kwa siku kutegemea uzito. Wako 40 hawafikishi lita 300. Mpira ukiuacha wazi nusu saa umeshamwaga zaidi ya hapo. Na paa je, lina gata? Nahisi mvua yote ya bati inaingia mferejini humo humo. Shimo lako limejaa maji, kinyesi ni sehemu ndogo tu.

Kwa hiyo anza na koleo na toroli. Komba kinyesi kikavu, kirundike na maranda au mabua kwenye sakafu iliyoezekwa, kigeuze kiwe mboji. Maji ya paa yapitishe mbali kabisa. Mpira uje mwisho, kidogo, ukiwa na kichwa cha kufunga. Hiyo unaimaliza ndani ya wiki na mtendaji akija anaona kitu. Mtambo wa bayogesi ni hatua ya baadaye. CAMARTEC ya Arusha, kituo cha serikali cha teknolojia za kilimo na vijijini, wana ramani za mitambo ya kuba tangu miaka ya 1980, na mafundi wanaozijua wapo.

MamaKitimoto:
Gata sina kaka, umenipata. Nikijenga bayogesi, yale maji yanayotoka naweza kuachia korongoni? Si yanakuwa yameshasafishwa?

Chemba_ya_Mwisho:
Hapana. Bayogesi inapunguza harufu na BOD, lakini naitrojeni na fosforasi zinatoka karibu zote kama zilivyoingia. Hicho ndicho chakula cha gugu maji na ule ukijani unaouona kwenye ghuba maji yakitulia. Peleka shambani. Huna shamba, mpe mwenye migomba, atakushukuru.

BwanaShamba_Mstaafu:
Naongezea: migomba, majani ya mifugo, mahindi, sawa. Mchicha na kachumbari usimwagie maji mabichi ya banda. Mayai ya minyoo ya nguruwe yanakaa ardhini muda mrefu sana. Watu wanaogopa tegu tu, kumbe mayai ya tegu yanatoka kwenye choo cha mtu. Nguruwe anayala ndipo anapata vivimbe kwenye nyama. Choo cha kijana wa banda kikoje?

Na korongo lenyewe liko umbali gani? Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kama banda limo humo, gata haitakuokoa.

MamaKitimoto:
Choo kipo, cha shimo, kina mlango. Umbali sijapima, kwa macho ni zaidi ya uwanja wa mpira. Nitapima kesho.

Ngosha_wa_Igoma:
Sasa shimo la zamani alifukie?

Chemba_ya_Mwisho:
Asilifukie likiwa limejaa. Aite gari la kunyonya, halafu atazame chini. Buswelu mara nyingi ukichimba kidogo umegonga jiwe, na jiwe halinywi maji. Kama ni jiwe, alijengee kuta, aliezeke, liwe tangi la kuhifadhia hadi siku ya kupeleka shambani. Dada, mtendaji akuandikie kabisa anataka kuona nini siku ya 30, na bwana afya asaini. Mwakani akija mwingine na masharti mengine, unamwonyesha hiyo karatasi.