Naomba ushauri: vifungo vya koti na bastola moja kwa kazi mbili

Habari zenu wakuu, hasa ndugu mlioko Marekani. Nipo Texas, na kikundi kinachoigiza Kikosi cha 10 cha wapanda farasi kimenipokea. Ni wale askari weusi, Buffalo Soldiers, kikosi kilichoundwa 1866 na kukaa miaka mingi kwenye kambi ya Fort Davis, hapa Texas. Jambo hili limenigusa mno, nataka nilifanye sawasawa.

Niliagiza koti la sufu la bluu, vifungo vitano mbele. Kufungua mzigo, kila kifungo kina tai mwenye herufi C kwenye ngao yake. Nijuavyo hivyo ni vya maofisa. Askari wa kawaida ngao yake haikuwa na herufi. Muuzaji amegoma kubadilisha.

Wenzangu pia hushiriki mashindano ya kulenga shabaha kwa mtindo wa kauboi. Huko unatakiwa bastola mbili, shotigani, na bunduki ya kukoki kwa wenzo inayotumia risasi za bastola. Karibini yetu (bunduki fupi ya wapanda farasi) ya Springfield ya 1873 hupakiwa risasi moja moja, kwa hiyo haifai. Mara mbili nimeazima silaha za mwenzangu, naona haya kuomba tena. Yangu ni bastola moja tu, Colt ya kaliba .45.

Naomba kujua:
Vifungo sahihi vya shaba nivipate wapi, na je, nivibadilishe vyote au vya mbele vinatosha?
Colt niliyoifyatulia risasi baridi (za mlio tu, zisizo na kichwa) Jumamosi kwenye maigizo, ni salama kuipeleka Jumapili kwenye risasi za moto, au ninunue nyingine kabisa? Hili linaninyima usingizi, maana watoto huja kututazama.