Nimelipa 4,500 nichuniwe gari langu mwenyewe. Waosha magari wa Mombasa, mtatumaliza!

Salaam aleikum wanajukwaa. Samahani kwa urefu, nimejaribu kufupisha nikashindwa, maana kila nikifika kwenye habari ya rimu mkono wanitetemeka.

Gari langu ni Toyota Premio nyeusi ya 2012, imeshuka bandarini hapa hapa kwetu 2019. Si gari la kuringia, lakini nimelitunza. Mwezi uliopita shemeji yangu alioa, na ikaamuliwa (mimi sikuulizwa) kwamba bibi harusi atachukuliwa na Premio yangu. Shida ya gari ilikuwa mbili tu: madoa meupe ya maji kwenye boneti na milango, na vumbi jeusi la breki lililoganda kwenye rimu. Basi. Halikuwa na kutu wala mkwaruzo wa maana.

Nikaelekezwa mahali upande wa bara wa daraja la Nyali. Pana turubai, tangi la maji, kibanda cha chai, magari yamejipanga. Bei: kuosha, kupiga bafu (kusugua rangi kwa mashine mpaka ing'ae) bodi nzima na kung'arisha rimu, 4,500. Nikalipa kwa simu kabla ya kazi. Hilo kosa ni langu, nalikubali.

Kijana wa kwanza akaja na spanji. Boneti ina vumbi la siku nne, hakulimwagia maji kwanza, alianza kusugua vile vile. Katikati ya kazi spanji likamponyoka likaanguka chini, uso kwenye mchanga. Akaliokota, akalikung'uta kwenye paja mara mbili, akalichovya kwenye ndoo, akarudi kwenye mlango wangu. Na ndoo yenyewe ilikuwa imeshaosha tuktuk mbili na pikapu ya simiti mbele ya macho yangu, maji yamekuwa kama uji wa wimbi.

Nikamwambia, "Mwanangu, suuza kwanza hilo spanji."

"Usijali mzee, sabuni itaua."

Sabuni huua vijidudu. Mchanga haufi! Na sabuni yenyewe ilikuwa ya unga, ile ya kufulia, inayokata mafuta kwenye nguo na ikikutana na waksi huiondoa pia. Kwa hiyo kabla hata ya bafu, gari limeshavuliwa kinga yote na kusuguliwa kwa msasa.

Ningeondoka hapo. Sikuondoka. Nilikaa kwenye benchi nikanywa chai kama mjinga.

Kijana wa pili akaja na mashine. Nikadhani ni mashine ya bafu, kumbe ni grenda. Grenda, jamani, ile ya kukatia vyuma, wamefunga pedi ya sufu mbele. Kwa wasiojua: mashine halisi ya kupolishia rangi huzunguka kati ya mara 600 na 3,000 hivi kwa dakika, na fundi mwenye akili huanza chini kabisa. Grenda ndogo huzunguka kama mara 11,000 na nyingi hazina hata swichi ya kupunguza kasi. Akapaka kompaundi ya kukata, ile krimu nzito ya kusugulia rangi, akaegemea kwa uzito wake wote. Nilisikia harufu ya rangi inaungua. Nikasimama, nikapiga kelele, akanionyesha kidole gumba na kuendelea. Kaziba masikio kwa muziki!

Rimu sasa. Rimu za aloi si chuma kitupu. Ni aluminiamu, na juu yake pamepigwa rangi kisha klia (ile safu ya juu inayopenya mwanga, ya kulinda rangi), sawa na bodi. Vumbi la breki ni chembe za chuma zilizotoka moto kwenye diski na pedi, ndiyo maana zashika na kugeuka kutu zikikaa. Kuna dawa yake, unapuliza, inageuka zambarau ikila ile chembe ya chuma (harufu yake ni yai bovu, lakini kazi inafanya), unasugua kwa brashi laini, unasuuza. Kama huna dawa, shampuu na subira.

Yule kijana wa grenda alikuja na chupa ya soda isiyo na karatasi, kifuniko kimetobolewa kwa msumari. Akanyunyizia rimu ya mbele kushoto, ambayo ina kovu la kugonga ukingo wa barabara pale Buxton. Pale kwenye kovu, ambapo klia imetoka, pakaanza kuchemka. Povu jeupe, sauti ya tsss kama samaki anapoingia kwenye mafuta. Ilikuwa asidi ya kusafishia vyoo. Asidi ile na aluminiamu haziishi nyumba moja. Halafu akatoa stilwaya ya kuoshea sufuria, akazungusha mpaka rimu ikawa nyeupe peee. Wapita njia wakasifu. Hata mimi, Mungu anisamehe, nikasema imetoka vizuri.

Mwisho wakapaka mafuta gari zima, likang'aa kama andazi. Harusi ikapita, picha zikatoka nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi ya yote, kwamba picha ni nzuri!

Siku ya tatu ikanyesha mvua ya usiku. Jumatatu, saa tano mchana, niko foleni ya feri Likoni, jua la utosi. Nikashuka kununua mahamri, nikageuka kulitazama gari langu. Subhanallah. Boneti yote utando wa buibui. Kila jua linapopiga, mistari myembamba imelizunguka kwa maelfu. Yale mafuta yalikuwa yamejaza mikwaruzo tu, mvua ikayachukua, uongo ukabaki uchi. Na kwenye ukingo wa boneti, pale bati linapokunja, pana mstari wa kijivu wenye urefu wa kidole. Ile ni rangi ya chini. Alikata akapita klia, akapita na nyeusi. Kwenye kingo rangi huwa nyembamba, kila fundi wa rangi anajua, ndiyo maana huziba kwa tepu kabla ya kuwasha mashine.

Nikampelekea fundi mmoja mzee, mtu wa bodi tangu enzi za Peugeot 504. Ana kile kipimo cha unene wa rangi. Paa, ambalo kijana wa grenda hakulifikia kwa ufupi wake, lilisoma maikroni 118 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Katikati ya boneti, 84. Hesabu hiyo ifanyeni wenyewe: klia ya kiwandani huwa kama maikroni 40 hadi 50, yaani kama nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia, na mimi nimepoteza 34 kwa asubuhi moja. Klia ndiyo yenye dawa ya kuzuia jua. Ikiisha, kwa jua hili letu, boneti hupauka, kisha huanza kuchubuka mabaka meupe kama mtu mwenye ukoma. Mnayaona kila siku yale magari, mnadhani ni uzee.

Rimu ndiyo msiseme. Wiki ya pili zikatoka vidoa vya rangi ya chungwa. Nikashangaa, aluminiamu haishiki kutu hivyo. Fundi akacheka: zile ni nyuzi za stilwaya zilizobaki zimechomeka kwenye rimu, ndizo zinazooza. Na pale kwenye kovu, klia inainuka kidogo kidogo, chini yake ukungu mweupe unatambaa kama mnyoo. Hewa ya chumvi hii, ikishapata mlango, haitoki.

Nikarudi kwa mwenye mahali. Nikamwonyesha. Akatazama boneti, akanitazama mimi.

"Mzee wangu, gari yako ni ya mtumba. Hiyo ilikuwa huko chini tangu Japani. Sisi tumeifunua tu."

Tumeifunua tu! Halafu akanionyesha ubao ukutani: HATUHUSIKI NA HASARA YOYOTE. Akaniambia niongeze 2,000 wapige bafu tena itoke mikwaruzo. Yaani aliyenikata kidole anataka kulipwa akate mkono ili jeraha lilingane.

Sasa nisikilizeni habari ya maji, maana hapo ndipo mkasa ulipoanzia na ndipo wengi wetu tunajiharibia wenyewe. Maji ya bomba twayapata kwa mgao. Siku hayapo, ni ya kisima, na kisima cha mjini kwetu kimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, kando ya bahari. Kwa hiyo maji yana chokaa na yana chumvi. Ukiosha gari saa sita juani, maji yakauka kabla hujafika mlango wa pili, chokaa na chumvi zabaki. Yale ndiyo yale madoa yangu meupe. Na nimekuja kujua, baada ya kulipa 4,500, kwamba yakiwa machanga hutolewa na siki nyeupe! Nusu siki nusu maji, kitambaa laini, gari liko kivulini na bati ni baridi, weka kama dakika moja, usisugue, suuza vizuri. Nilijaribu kwenye kioo na mlango wa nyuma ambao hawakuumaliza. Doa limeondoka. Siki ya shilingi mia na kitu.

Siku hizi naosha mwenyewe, alfajiri, chini ya jengo letu Tudor, kwa maji ya mkokoteni. Mitungi miwili ya lita 20 yatosha. Kwanza namwaga maji mepesi kutoka juu ili mchanga uteremke wenyewe bila kuguswa. Kisha ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na moja ya maji matupu ya kusuuzia glovu ya kuoshea. Ile ndoo ya pili, ukiona kinachotuama chini yake, ndiyo utalia, kwa sababu kila chembe ile ingekuwa imerudi kwenye rangi yako. Naanzia paa, nashuka, sehemu za chini mwisho. Rimu zina ndoo yake na brashi yake, na haziguswi zikiwa moto. Halafu taulo ya maikrofaiba, nalilaza na kulivuta taratibu, sisugui, mpaka hakuna tone. Kukausha ndiyo kazi yenyewe kwa maji yetu haya. Ukiacha likauke na upepo, umeosha bure.

Kujua kama rangi ni safi kweli, mkono mtupu haukuambii. Vaa karatasi nyembamba ya plastiki mkononi upapase. Mifuko ilipigwa marufuku 2017, lakini karatasi ya mkate ingalipo. Ukisikia chembechembe kama msasa, kuna uchafu umejichomeka, na huo hutolewa kwa ule udongo laini wa kusafishia rangi pamoja na maji ya sabuni mengi. Si kwa grenda.

NYONGEZA 1: Wanaosema nitaje jina la mahali, sitaji. Nimemwandikia barua mwenyewe, nimempa siku 14. Ubao wake wa ukutani haufuti Katiba. Kifungu cha 46 kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na fidia akipata hasara. Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi milioni moja, na huna haja ya wakili. Madai yangu hayafiki huko. Nina picha, nina ujumbe wa malipo, na nina vipimo vya fundi kwa maandishi.

NYONGEZA 2: Aliyeandika "weka seramiki kaka, mambo yaishe." Ndugu yangu, seramiki ni koti gumu la kinga la kupaka juu ya rangi, na hufunika kilichopo chini yake. Nikiiweka leo nafungia utando wa buibui ndani ya kabati la kioo. Tena haizuii mawe wala grenda. Kwanza rangi itengenezwe, na fundi mzee ameshaniambia boneti isiguswe tena na mashine, ni kupigwa rangi upya. Mpaka hapo napaka waksi, safu nyembamba, na naipaka tena mapema kuliko ilivyoandikwa kwenye kopo kwa sababu ya jua letu.

NYONGEZA 3: Aliyesema mavi ya kunguru huharibu rangi, naam, ni kweli, na hapa petu kunguru ndio wenye mji. Mavi yao yana asidi, na rangi ikipata joto hulainika na kutanuka, kisha ikipoa hujikaza na kuyakumbatia. Usiyakwangue makavu. Lowesha kitambaa, kiweke juu dakika tano, kisha inua. Yatoe siku ile ile, usingoje Ijumaa.

Kilichobaki: natafuta mtu wa rimu. Atakayezitoa tairi, aondoe klia yote iliyokufa, azibe lile kovu, apige rangi na klia upya, na asiwe na chupa ya soda isiyo na karatasi. Mwenye kumjua, awe Changamwe, awe Mtwapa, aandike hapa chini. Mwenye shemeji yake ana grenda, tafadhali asijisumbue.