Mrejesho: Mashindano ya sataranji ya kasi Tanga

Nilipoomba ushauri kuhusu kuandaa mashindano ya sataranji ya kasi mtaani kwetu, na kama mwandaaji anaweza pia kucheza, wengi wenu mlipendekeza mfumo wa Uswisi badala ya mtoano. Nawashukuru kwa dhati, kwa kuwa hata watoto waliofungwa mwanzoni walicheza raundi zote 7, kila mmoja akipangiwa mpinzani mwenye pointi zinazokaribiana na zake.

Kila mchezaji alipewa dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2 kwa kila hatua. Mwamuzi alisisitiza mapema kwamba mkono uliosogeza kete ndio unaobonyeza saa, na kwamba hatua haramu ya kwanza humpa mpinzani dakika 1 ya ziada, ilhali ya pili humpotezea mkosaji mchezo. Haikuchukua muda, kijana mmoja akasogeza farasi, akamwacha mfalme wake akishambuliwa na ngome, kisha akabonyeza saa. Dakika ikaongezwa bila mabishano.

Nami nilicheza, lakini upangaji wa raundi na maamuzi yote nilimwachia mwamuzi asiyecheza, jambo ambalo kwangu ni sharti. Zawadi zilikuwa ndogo na hakuna aliyelalamika. Saa ndizo zilizopungua, hivyo meza mbili zikatumia programu ya simu. Safari ijayo nitaziazima mapema.